Mbwa ni mzima, haumwi: nimpeleke kwa daktari wa nini?

Baba Zubeda, Tororo

Salaam wote. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu na wanyama wa nyumbani.

Tuna mbwa jike anaitwa Chui, ana kama miaka mitano. Usiku analinda, mchana amelala chini ya mwembe. Anakula posho (ugali) na mukene (dagaa), na mifupa ikipatikana. Hajawahi kuugua kitu cha maana. Ameshazaa mara mbili. Uzao wa kwanza ulikwenda vizuri, wa pili watoto wengi walikufa kwa kuhara damu wakiwa na miezi miwili hivi, tukasema ni mapenzi ya Mungu. Chanjo ya kichaa cha mbwa huwa anapata watu wa distriki wakipita na kipaza sauti. Tuna na paka, wa kukamata panya tu, huyo sindano haijui.

Sasa kuna jirani kahamia kutoka Kampala. Kila mwaka anawapeleka mbwa wake kliniki kupimwa hata kama hawana shida, na ananishauri nami nifanye hivyo. Mke wangu kamuunga mkono, kwa sababu mtoto wetu wa mwisho, miaka minne, habanduki kwa huyo mbwa. Mchana wanalala mkeka mmoja.

Mimi sikatai. Lakini pesa inatafutwa, karo iko mlangoni, na kumpakia mbwa kwenye bodaboda hadi mjini si kazi ndogo. Nauliza hivi: daktari anaona nini kwa mbwa mzima ambacho mimi ninayeishi naye sikioni? Na chanjo ya kichaa peke yake haitoshi?

Fundi wa Mbale

Baba Zubeda, kwetu tumefuga mbwa tangu enzi za babu na hakuna aliyeijua kliniki. Mbwa akiumwa anakula majani, anatapika, anapona. Ukiona kupe, mpulizie ile dawa ya ng'ombe inayobaki kwenye bomba. Chanjo ya kichaa ndiyo ya lazima, hiyo sipingi. Hela nyingine peleka shuleni.

Mama Rehema, Jinja

Baba Zubeda, salaam. Mimi ni msaidizi wa daktari kwenye kliniki ya wanyama hapa Jinja, na nimeifanya kazi hii miaka mingi. Umeuliza swali ambalo wengi hawaulizi, wanakata tamaa tu kwa kuhofia gharama. Nitakueleza yale ninayoyashika kwa mikono yangu.

Mbwa akiingia hatumrukii. Tunamwacha azunguke sakafuni, daktari anaangalia anavyokanyaga na anavyopumua akiwa hajashikwa. Kisha anapanda mzani. Kisha mimi namshika kichwa, nanyanyua mdomo wa juu kwa pembeni, nabonyeza ufizi kwa kidole gumba mpaka pale nilipobonyeza pawe peupe, halafu naachia. Ile rangi ya waridi inatakiwa irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, damu haizunguki vizuri. Na kama ufizi wote umepauka hata kabla sijaubonyeza, ina maana damu imepungua, na kwa mazingira yetu tunafikiria kwanza minyoo ya safura na magonjwa yanayoletwa na kupe. Mbwa huyo huyo amekuja akitingisha mkia. Nyumbani anabweka, anakula. Wewe unamwona kila siku, sawa, lakini ni nani anayemfunua mbwa wake mdomo kila siku?

Nikiwa hapo hapo natazama meno ya nyuma. Jino kubwa la juu likioza hadi kwenye mzizi, usaha unatafuta njia na uvimbe unatokeza chini ya jicho. Watu wanatuletea mbwa wameshamtia dawa ya macho wiki nzima, kumbe ni jino. Mbwa hakulalamika, alihamishia kutafuna upande wa pili basi.

Halafu masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia, maana huko ndiko kupe wanakojificha. Daktari anasikiliza moyo na mapafu, anabonyeza tumbo kwa mikono miwili polepole, anapima joto. Joto la mbwa ni la juu kuliko letu, kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo, kwa hiyo usimshike ukasema ana homa, na pua kavu haikuambii kitu. Kipimajoto ndicho kinachosema.

Kwa Chui kuna jambo ambalo ningelipa uzito wa kwanza, kwa sababu ni jike, ameshazaa, na nadhani hajatolewa kizazi. Tunampapasa chuchu zote moja moja kuanzia kifuani hadi karibu na mapaja, kwa kawaida ni kumi. Tunatafuta kijivimbe. Kikiwa na ukubwa wa punje ya mahindi, kinakatwa asubuhi, jioni mbwa yuko nyumbani. Kikiachwa mpaka mwenyewe akione kinaning'inia, huenda kimeshapeleka mbegu kwenye mapafu, kwani karibu nusu ya uvimbe wa chuchu kwa mbwa huwa ni saratani. Pia kizazi chenyewe: wiki chache baada ya joto, yaani siku zake za kutaka dume, kinaweza kujaa usaha. Akianza kunywa maji mengi na kukojoa ovyo na kukataa posho, usingoje kesho. Wakati mwingine usaha hautoki nje hata tone, na mbwa anakufa watu wakidhani kalishwa sumu. Mbwa aliyetolewa kizazi ameepushwa na hilo.

Sasa niseme jambo ambalo mimi binafsi nalishikilia kuliko yote: kadi. Siku mbwa akiwa mzima tunaandika uzito wake, joto lake, mapigo ya moyo, rangi ya ufizi. Siku akija mgonjwa, daktari ana cha kulinganisha. Mbwa ambaye hajawahi kupimwa akiletwa amelegea, tunabaki kumuuliza mwenyewe, "Kwa kawaida huwa hivi?" naye anajibu, "Nadhani." Kuna mbwa wa ulinzi wa kule Walukuba aliletwa kwa chanjo yake ya mwaka, kila mtu anamwona mnene kwa sababu ya manyoya. Kadi inasema mwaka uliopita kilo 31. Mzani unasema 27. Hakuna mtu pale nyumbani aliyeona, maana alikonda taratibu. Daktari akachukua damu, akakuta erlikia, ugonjwa wa kupe unaokaa mwilini kimya miezi mingi kabla ya mbwa kuanza kutoka damu puani. Alipewa doksisaiklini wiki nne, nyumba ikasafishwa kupe, na uzito ukarudi. Angekuja siku damu imeanza kutoka puani, hadithi ingekuwa nyingine.

Uzito una kazi nyingine tena. Kuna dawa, diminazini, inayouzwa kila duka la dawa za mifugo, watu wanaitumia kwa ng'ombe. Hata mbwa hutibiwa nayo, lakini kwa mbwa nafasi kati ya kipimo cha kuponya na kipimo cha kuua ni nyembamba. Ukizidisha inashika ubongo: mbwa anayumba, anapiga makelele, anakufa. Anayedunga kwa kukisia uzito anacheza na roho ya mnyama.

Hapo ndipo ninapomjibu Fundi wa Mbale, kwa heshima zote. Kaka, hao mbwa wa babu waliopona tunawakumbuka. Waliokufa walitupwa shambani, hakuna aliyeuliza walikufa na nini. Na ile dawa ya bomba, nakuomba sana usimshauri mtu. Kipimo chake kimepangwa kwa ng'ombe wa kilo mia kadhaa ambaye hajilambi mwili mzima kama mbwa. Wanaletwa hapa udenda unatiririka, misuli inatetemeka, mboni za macho zimebana. Tukiwahi tunawaokoa. Paka ndio hawavumilii kabisa. Hata dawa ya kupe ya mbwa iliyowekwa paka kwa nia njema inaweza kumuua.

Chanjo ya kichaa: endelea nayo kila mwaka, hapo uko sawa kabisa na nakushukuru kwa niaba ya majirani zako. Ugonjwa ule dalili zikishaanza, kwa mbwa au kwa mtu, ni kifo, na karibu watu wote wanaoupata duniani wanaupata kwa mbwa. Ila watu wa kampeni wakija dai kadi, tarehe iandikwe. Mtu akiumwa na mbwa, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo hata kama kidonda ni kidogo.

Lakini peke yake haitoshi, na wale watoto wa Chui wameshakujibu. Kuhara damu, umri wa miezi miwili, wengi kwa mkupuo: kwa maelezo hayo mimi nafikiria pavo kabla ya kitu kingine, japo sikuwaona. Hiki ni kirusi kinachokaa kwenye udongo wa uwanja mwaka na zaidi; sabuni ya kawaida haikiui, klorini ndiyo inakiua. Kwa hiyo uzao ujao utazaliwa juu ya kirusi kile kile. Chui akichanjwa kabla ya kushika mimba anawapa watoto kinga kwenye maziwa ya siku za mwanzo. Kinga hiyo ina tabia moja inayowachanganya watu: ikiwa bado mwilini mwa mtoto inaizuia hata chanjo isishike, na inaisha kwa muda tofauti kwa kila mtoto. Ndiyo maana tunaanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudia kila wiki tatu au nne mpaka afike wiki ya 16. Anayechanja mara moja akaacha, huenda alichanja siku ambayo chanjo haikushika. Sindano hiyo hiyo hubeba kinga ya distempa, ugonjwa mwingine wa kirusi unaoua mbwa, na ya homa ya ini, na nyingi zina ya leptospira, ambayo hupita kwenye mkojo wa panya na wa mbwa na kumshika hata binadamu. Na wewe una panya, ndiyo maana ukaweka paka.

Mwisho kwa leo ni mtoto. Baba Zubeda, mimi nina wajukuu, sitakuambia umtenge mtoto na mbwa wake. Lakini mbwa asiyepewa dawa ya minyoo anaacha mayai uwanjani, mtoto anashika udongo, anakula muhogo kwa mkono ule ule. Kuna minyoo ya mbwa ambayo kwa mtoto haikai tumboni, inatembea mwilini na inaweza kufika kwenye jicho. Chui apewe dawa kila miezi mitatu, kwa uzito wake. Watoto wa mbwa huanza wakiwa na wiki mbili tu, kwa sababu wanazaliwa tayari wana minyoo ya mama.

Baba Zubeda, Tororo

Mama Rehema, Mungu akubariki. Nimemsomea mke wangu yote, na ile habari ya watoto wa mbwa imetugusa.

Jioni hii nimemkalisha Chui nikamfunua mdomo kama ulivyosema. Ufizi naona si mweupe, lakini si wa waridi sana pia, sijui nauitaje. Na nilipokuwa namshika kichwa nimeona jicho la kushoto limeingia kama wingu la buluu. Mke wangu anasema lina kama wiki mbili, tulidhani mwiba. Anakula kama kawaida. Hili linaweza kungoja mwisho wa mwezi?

Mama wa Bombo

Baba Zubeda, wakati unamsubiri Mama Rehema, nikusaidie upande wa gharama na usafiri. Sisi mtaani kwetu tulikubaliana nyumba kadhaa zenye mbwa, tukamwita daktari aje siku moja. Nauli yake tunagawana, kila mtu analipia chanjo na dawa ya mnyama wake. Wanyama wanapimwa kwao, hawatetemeki. Ongea na huyo jirani wa Kampala, tayari mko wawili.

Paka usimbebe mkononi kwenye bodaboda, atakuparua na kurukia barabarani. Tafuta kikapu chenye mfuniko, weka ndani kitambaa anacholalia, funga, funika na kanga asione magari. Kiache kikapu wazi sebuleni siku mbili tatu kabla ili akizoee, aingie mwenyewe. Wangu sasa ananyamaza njia nzima.

Na wa Kampala wanaosoma hapa, Chuo Kikuu cha Makerere kina koleji ya tiba ya wanyama na kliniki ya wanyama wadogo.

Mama Rehema, Jinja

Hapana, Baba Zubeda, lisingoje mwisho wa mwezi. Wiki hii.

Inawezekana kweli ni mwiba, na hata mwiba unahitaji kutazamwa. Lakini wewe uko Tororo. Miaka ya ukoloni kituo cha Afrika Mashariki cha utafiti wa ndorobo (ugonjwa wa wanyama unaoletwa na nzi aitwaye mbung'o) na malale kiliwekwa Tororo hapo kwenu, na hakikuwekwa bure: upande wetu huu una mbung'o. Mbwa akiumwa na mbung'o mwenye vijidudu vya ugonjwa huo, moja ya dalili za mapema ni jicho kuingia wingu, la samawati, jicho moja au yote, huku ufizi ukipauka polepole. Magonjwa ya kupe nayo yanaweza kuharibu jicho. Kwa macho tu huwezi kutofautisha, hata daktari hawezi. Damu ndiyo itasema. Na dawa yake mara nyingi ni ile ile diminazini niliyokuonya nayo, kwa hiyo usishawishike kumwita kijana wa duka la dawa aje amdunge. Apimwe uzito, apimwe damu, ndipo sindano.

Usijilaumu kwa hilo jicho. Mnyama anayekula na kubweka kila mtu anamhesabu mzima, na hapa kliniki tunaona hivyo kila wiki.

Mpango wa Mama wa Bombo wa kumwita daktari nyumbani ni mzuri sana, ufanye kwa chanjo za mwaka na dawa za minyoo. Kwa jicho hili nenda wewe kliniki, sababu ni darubini. Vijidudu vya ndorobo vinatafutwa kwenye damu mbichi, vinaonekana vikiogelea, na damu ikikaa havionekani tena.

Paka naye apate chanjo ya kichaa na dawa ya minyoo, anakula panya. Mpeleke siku nyingine, si siku moja na Chui, watatishana. Na yeyote nyumbani asije akampa paka parasetamoli akimwona amejikunja. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja, na kidonge kimoja tu kinatosha kumuua.

Fundi wa Mbale, kama una jike nyumbani, mpapase chuchu leo.

Fundi wa Mbale

Mama, nimekusoma. Ninaye jike, na nitafanya hivyo. Bomba nimelirudisha zizini.

Baba Zubeda, Tororo

Tumekubaliana na mke wangu, ni keshokutwa asubuhi. Jirani ana gari, ametuonea huruma atatupeleka. Niende na nini?

Mama Rehema, Jinja

Mshukuru sana jirani. Kabla hamjawasha gari, piga simu kliniki uulize mambo mawili: daktari yupo, na darubini yao inafanya kazi. Kama hakuna darubini, uliza ofisi ya daktari wa mifugo wa distriki wakuelekeze penye nayo.

Asubuhi hiyo usimpe posho, maji anywe. Choo chake cha alfajiri kichukue kidogo kwa kijiti, weka kwenye kikopo kisafi chenye mfuniko, kitapimwa minyoo. Beba kadi yoyote ya kampeni uliyonayo, hata iliyochanika. Kamba ngumu ya shingoni, na kitambaa kirefu cha kumfunga mdomo kidogo wakati wa sindano, maana mbwa mpole akiumizwa naye anauma; mtoto abaki nyumbani. Andika kwenye karatasi: joto lake la mwisho la kutaka dume lilikuwa lini, alizaa mara ya mwisho lini, jicho lilianza lini, dawa gani amewahi kupewa. Daktari akianza kuuliza utasahau nusu.

Ukitoka, omba wakuandikie uzito wake kwenye kadi kwa kalamu ya wino, na tarehe. Majibu ya damu yakitoka niandikie hapa hapa, mchana ninakuwa kazini lakini jioni nasoma.